Mkikodi Mat ya Kwenda Ocha, Uliza Kwanza Dere Amelala Saa Ngapi

Desemba ikikaribia, familia nyingi za Umoja, Kayole, Dandora na Kariobangi hufungua grupu ya WhatsApp. Admin huwa ni auntie mmoja hana mchezo, na grupu ina kazi moja tu: kuchanga doh ya kukodi mat iwapeleke ocha.

Form yenyewe iko sawa. Steji hujaa, nauli inapanda, na familia ya watu kumi na wawili ikifika hapo na mabegi, watoi na godoro la shosho, inagawanywa kwa magari matatu. Ya kukodi inawachukua hapo kwa geti. Mtoi akishikwa na choo, mnasimama bila kelele za konda. Wazungu wana yale magari ya kambi yenye kitanda na jikoni ndani. Sisi wa Eastlando tuna mat ya watu 14, kitanda ni bega la binamu na jikoni ni ndoo ya chapo.

Shida ni vile tunafanyanga bargain. Kila mtu kwa grupu anauliza, "Gari ni ngapi?" Hakuna mwenye anauliza dere alikuwa wapi jana usiku.

Iko hivi

Mat nyingi za kukodiwa mtaani ni zile zile za ruti. Desemba ni msimu wa pesa na mwenye gari anataka hesabu yake ya siku. Kwa hivyo dere anaamka saa kumi alfajiri, anapiga trip za tao mchana kutwa, anashukisha abiria wa mwisho saa nne usiku, anaosha gari, halafu saa tano anapiga honi kwa geti yenu. Nyinyi mmelala mchana mkingoja safari. Yeye hajalala.

Sasa tupige hesabu. Sheria ya trafiki Kenya inasema dere wa gari la abiria asiendeshe zaidi ya masaa 8 ndani ya masaa 24. Nairobi hadi Kisumu ni kama kilomita 350. Spidi gavana ya mat inakata kwa 80, na ukiongeza malori ya Mai Mahiu, jam ya Nakuru na kusimama kula, safari inakula masaa saba ama nane. Maanake dere mwenye ameamka fresh ana masaa ya kuwafikisha tu, hakuna change inabaki. Kama alipiga ruti mchana, masaa yake yaliisha kabla mpakie begi la kwanza.

Na hii si story ya kutishana. Usiku wa kuamkia 31 Desemba 2017, basi na lori ziligongana pale Sachangwan, mbele ya Salgaa. Ilikuwa karibu saa tisa usiku na watu 36 walikufa. Mkienda Kisumu kupitia Kericho, mnapita hapo hapo kabla mfike Mau Summit. Saa tisa usiku ndio mwili wa mtu yeyote unadai usingizi kwa nguvu. Hakuna kahawa, miraa ama ngoma ya kufungua macho yenye hulipa hilo deni. Inasongeza tu.

Kupumzisha dere ni pesa ngapi?

Hapa ndio auntie admin anafaa kuskiza. Mwambie mwenye gari: siku moja kabla ya safari, dere huyu asipige ruti. Atasema anapoteza hesabu. Sawa, mlipe. Tuseme anadai ngiri sita. Mkiwa kumi na wawili, hiyo ni mia tano kila mtu. Kuna msee kwa grupu atatumia zaidi ya hiyo kwa soda na smokie njiani.

Kama doh haitoshi, kuna njia mbili. Lipieni madere wawili wabadilishane, na wote wawe na leseni ya kuendesha gari la abiria, si binamu mwenye anajua tu kushika usukani. Ama ondokeni saa kumi na mbili asubuhi badala ya usiku. Mtafika mchana, na mtaona Ziwa Elementaita mkiwa macho, na watoi wataona lile kanisa dogo la Mai Mahiu lililojengwa na wafungwa wa vita Waitaliano mwaka 1942.

Makaratasi pia yanaongea

Mambo matatu ya kuangalia kabla mtume pesa:

Moja, bima. Gari la kibinafsi, hata likiwa safi aje, bima yake ya kawaida haifuniki abiria wa kulipa. Kitu ikitokea, kampuni ya bima ina sababu ya kukataa. Takeni gari lenye bima ya abiria, na muulize cheti kinaisha lini.

Mbili, leseni ya ruti. Mat huandikishwa chini ya sacco ama kampuni na leseni yake inataja ruti. Kama ni ya Kayole na inaenda Kisumu, muulize mwenye gari kama amechukua kibali cha hiyo safari. Asipokuwa nacho, karao wa kwanza Naivasha atawauliza nyinyi mkiwa juani.

Tatu, idadi ya viti. Kabla ya sheria za Michuki za 2004, Nissan ilikuwa inabeba watu 18. Siku hizi ni 14 na kila mtu mkanda wake. Mtoi wa kupakatwa naye ni mtu. Mkiwa kumi na sita, hamjaokoa pesa, mmenunua kesi.

Kwa upande wa malipo, andikeni makubaliano kwa WhatsApp: siku, saa, mafuta ni ya nani, na gari likiharibika nani analeta lingine. Kama mafuta ni yenu, kumbukeni EPRA hutangaza bei mpya tarehe 14 kila mwezi, kwa hivyo bajeti ya safari ya tarehe 20 msiifunge tarehe 5. Tumeni nusu mbele, nusu mkishafika.

Mkiwa njiani

Kiti cha mbele si cha mwenye amechanga doh mob. Ni cha mtu hatalala, mwenye anaweza kupiga story na dere na kumwangalia macho. Mjomba mwenye mzinga akae nyuma. Kila masaa mawili simameni, hata kama hakuna mwenye amebanwa. Dere akianza kupiga miayo, kufungua dirisha kila saa ama kukanyaga mstari wa kando, mwambieni aegeshe petrol station alale nusu saa. Hakuna mwenye atakosa Krismasi sababu ya nusu saa.

Kitu ya mwisho ndio wengi husahau: mkishafika. Mnashuka, vigelegele, shosho analia, watu wanaingia kula. Dere anabaki nje akipangusa vioo, halafu anaambiwa ageuze usiku huo huo. Hiyo ni kilomita 700 kwa siku moja, na kesho kuna familia nyingine Dandora inamngoja, wakiuliza tu gari ni ngapi.

Mpeni maji ya kuoga, sahani ya kwanza kwa meza, na kitanda. Dere naye ni mgeni wa shosho.