Anayeuliza kuhusu Mungu si kafiri

Ni jambo la kusikitisha kwamba katika baadhi ya shule zetu mwanafunzi anayethubutu kuuliza, "Tunajuaje kwamba Mungu yuko?" hukaripiwa mbele ya wenzake na kuitwa kafiri. Mimi ni mwumini, na kwa sababu hiyo hasa nasema kwamba karipio hilo ni kosa.

Hebu tutazame jinsi wakuu wa imani wenyewe walivyolikabili swali hili. Mnamo mwaka wa 1078 hivi, Anselm, mtawa wa monasteri ya Bec katika Ufaransa, aliandika kwamba kuwako kwa Mungu huthibitika kwa kufikiri tu. Mungu, alisema, ni yule ambaye haiwezekani kufikiria kilicho kikuu kuliko yeye. Lau angekuwa mawazoni tu, tungeweza kufikiria kilicho kikuu zaidi, yaani kilichoko kwa hakika. Kwa hiyo, lazima awepo.

Aliyempinga hakuwa mkana Mungu, bali mtawa mwenzake, Gaunilo. Je, aliuliza, nikifikiria kisiwa kizuri kupita visiwa vyote, kitazuka baharini kwa kuwa nimekifikiria? Anselm hakumlaani. Alimjibu kwamba hoja yake haihusu visiwa, ila kile tu kisichoweza kupitwa na chochote. Kisha akaagiza pingamizi la Gaunilo na jibu lake viambatanishwe na kitabu chenyewe. Katika karne ya 13, Thomas Aquinas naye aliikataa hoja ya Anselm, akatoa njia nyingine 5 zinazoanzia kwenye mambo tunayoyaona, kama vile kwamba kila kiendacho kimeendeshwa na kingine.

Wapingaji wanayo hoja nzito zaidi, nayo ni ya mateso. Novemba 1, 1755, Sikukuu ya Watakatifu Wote, mtetemeko wa ardhi uliuangamiza mji wa Lisbon, Ureno, waumini wengi wakiwa makanisani. Maelfu walikufa. Ikiwa Mungu ni mwema na mwenye uwezo wote, mbona hayo yalitukia? Sisi waumini huzoea kujibu kwamba maovu hutokana na uhuru wa binadamu. Jibu hilo huenda likatosha kwa vita na wizi. Lakini ardhi haina hiari, na watoto wa Lisbon hawakuitetemesha. Tukisema kwamba hatuoni mpango mzima wa Mungu, tumesema kweli kwa mujibu wa imani yetu, ila hatujamthibitishia asiyeamini.

Hata hivyo, mkana Mungu naye ana deni. Kwa nini pawepo ulimwengu badala ya pasiwepo chochote? Akisema kwamba ulimwengu upo tu, basi amelifunga swali bila kulijibu.

Kwa maoni yangu, mwalimu wa dini aziweke hoja hizi zote mezani, za kuunga na za kupinga, kila moja kwa nguvu zake. Nanyi wanafunzi, mkatae kudhani kwamba kuibomoa hoja moja ni kumbomoa Mungu, au kwamba kuikariri ni kuamini. Kijana aliyenyamazishwa shuleni atakutana na maswali yaya haya chuoni, bila mwalimu wa kumwongoza, na imani aliyolazimishwa haitamfaa. Wahenga walisema kuuliza si ujinga. Nami naongeza kwamba si ukafiri pia.