Kamera ya chini ya maji: Yajue maji yako kabla ya kutoa fedha

KATI ya Msasani na Bagamoyo, bahari ni shamba na duka kwa wakati mmoja. Wapo wanaolima mwani Mlingotini, wapo wanaotega dema, na wapo vijana wanaovusha wageni kwa boti kwenda visiwa vya Bongoyo na Mbudya. Kijana wa kundi hili akishajifunza kuzamia kwa mtungi wa hewa, kitu cha kwanza anachokitamani baada ya cheti ni kamera. Mgeni anataka picha yake akiwa na samaki, na yupo tayari kuilipia.

Tatizo ni kwamba kamera ya kwanza ndiyo inayomeza mtaji. Wengi huinunua kwa kuangalia picha nzuri iliyochapwa kwenye boksi, ambayo kwa kawaida imepigwa kwenye maji maangavu ya bahari nyingine. Wakiishusha katika maji ya nyumbani wanapata picha ya kijani iliyojaa madoa meupe, na wanadhani wameuziwa kamera mbovu. Mara nyingi kamera ni nzima, ila haikuchaguliwa kwa maji yale.

Maji ya Bagamoyo si ya Mnemba

Kaskazini kidogo ya mji wa Bagamoyo, Mto Ruvu unamwaga maji yake baharini. Mbele zaidi, kuelekea Saadani, unaingia Mto Wami. Mito hii hushusha tope, hasa wakati wa masika kati ya Machi na Mei, na mikoko ya pwani hiyo huongeza majani na chembechembe nyingine. Ndiyo sababu mzamiaji wa Bagamoyo asitegemee maji kama ya Mnemba, kule kaskazini mashariki ya Unguja, ambako matumbawe yapo mbali na midomo ya mito mikubwa.

Wavuvi wanalijua jambo hili bila kufundishwa. Bamvua linapoingia, mkondo huwa na nguvu na tope huinuka kutoka chini. Wakati wa maji mafu bahari hutulia na tope hutua. Kaskazi inapovuma kwa upole, hasa Januari na Februari, maji huwa na nafuu kuliko wakati wa kusi ambapo mawimbi huchafua ufukwe. Mwenye kalenda ya mwezi ukutani tayari ana kifaa cha kwanza cha kupigia picha.

Jambo la pili ni mwanga. Maji hunyonya rangi moja baada ya nyingine. Nyekundu ndiyo ya kwanza kufifia, na mita tano za kwanza zinatosha kuipunguza sana. Rangi ya machungwa hufuata, kisha njano, na mwisho hubaki kijani na buluu. Kwa hiyo samaki mwekundu akiwa mita 12 ataonekana wa kijivu, hata kamera iwe ya bei gani.

Maji pia hupinda mwanga. Kitu kilicho umbali wa mita 4 humwonekea mzamiaji kama kipo mita 3, na huonekana kikubwa kuliko kilivyo. Anayeanza hupiga akiwa mbali akidhani yupo karibu, na kati yake na samaki kuna mita nne za tope. Kwa maji ya mwambao huu sharti ni moja: punguza maji yaliyopo kati ya lenzi na kitu unachokipiga. Kamera inayokuruhusu kusogea karibu ndiyo inayokufaa, na idadi ya megapikseli ni jambo la baadaye.

Kina kilichoandikwa kwenye boksi

Kila mita 10 unazoshuka, mkandamizo wa maji huongezeka kwa kiasi kinacholingana na ule wa hewa yote iliyo juu ya bahari. Kwa hiyo mita 10 ni mara mbili ya mkandamizo wa juu, na mita 20 ni mara tatu. Namba ya kina iliyoandikwa kwenye kamera ndiyo mpaka wake.

Hapa wengi huteleza. Cheti cha kwanza cha uzamiaji cha vyama vingi, kama PADI, humruhusu mwenye nacho kushuka hadi mita 18. Kamera nyingi zinazouzwa kama "za maji" zina mpaka wa mita 10 au 15 zikiwa bila kasha. Maana yake ni kwamba mzamiaji anaweza kushuka kihalali mahali ambapo kamera yake itajaa maji. Anayezamia kwa mtungi hana budi kuhesabu bei ya kamera pamoja na kasha lake la kuzuia maji. Anayepiga picha za wageni wanaoelea na miwani ya maji pale Mbudya anaweza kutosheka na mita 10.

Aina za kuchagua

Ya kwanza ni simu. Simu nyingi za siku hizi zina alama ya IP68, lakini majaribio ya alama hiyo hufanywa kwenye maji yasiyo na chumvi, na dhamana nyingi hazilipi simu iliyoingia maji. Mfuko wa plastiki wa kuvaa shingoni unafaa kwa maji ya kiunoni. Ukizama nao, kioo cha kugusa hakisikii kidole vizuri. Simu ambayo pia ndiyo benki na daftari la wateja si chombo cha kubahatisha nacho baharini.

Ya pili ni kamera ndogo ya video, ambayo jina lake maarufu ni GoPro. Matoleo mengi ya miaka ya karibuni hustahimili mita 10 bila kasha na mita 60 yakiwa ndani ya kasha lake. Lenzi yake huona eneo pana, hivyo inafaa kwa wageni wakiogelea, kasa akipita au boti ikiondoka. Udhaifu wake ni kwamba haina flashi, na kitu kidogo kilichokaribia sana lenzi hutoka kikiwa na ukungu.

Ya tatu ni kamera ndogo ya mkononi iliyotengenezwa kwa ajili ya maji. Mfano ni Olympus Tough, ambayo sasa hutolewa kwa jina la OM System. Toleo la TG-7 lilitoka mwaka 2023 kwa bei ya karibu dola 550 nchini Marekani. Linastahimili mita 15 bila kasha, na kasha lake hununuliwa kando kwa fedha nyingine. Nguvu yake ni kupiga kitu kilicho sentimita 1 tu kutoka kwenye lenzi. Kwa maji yenye tope uwezo huo ni mali, kwa sababu kaa mdogo, konokono au tawi la mwani hutoka wazi hata siku ambayo huoni zaidi ya mita tatu.

Zipo pia kamera kubwa za kubadilisha lenzi. Kasha lake peke yake linaweza kugharimu kuliko kamera yenyewe. Hizo zimsubiri aliyekwisha kuona faida.

Anayetafuta vya mtumba ajihadhari na Nikonos, kamera maarufu za chini ya maji za kampuni ya Nikon. Ni imara, lakini hutumia filamu, na utengenezaji wake ulisimama mwaka 2001. Vipuri na filamu vitamla faida yote. Kamera yoyote ya mtumba ikaguliwe mlango wa betri, bawaba na pete za mpira, na ibadilishwe pete kabla ya kushushwa majini.

Tochi kabla ya lenzi

Kwa kuwa maji yamekula nyekundu, mzamiaji hulazimika kuirudisha kwa kubeba mwanga wake. Akiwa na fedha za nyongeza, tochi ya video au flashi ya pembeni itamsaidia kuliko kubadilisha kamera. Flashi iliyomo ndani ya kamera, karibu kabisa na lenzi, humulika chembe za tope moja kwa moja, na picha hujaa madoa kama vumbi mbele ya taa za gari usiku. Mwanga uwekwe kwenye mkono wa pembeni, umulike kwa ubavu.

Asiye na fedha ya tochi abaki kina kifupi, jua likiwa juu kati ya saa nne asubuhi na saa nane mchana, na aweke kamera kwenye mpangilio wa rangi za chini ya maji. Vichujio vyekundu hufaa maji ya buluu. Kwa maji ya kijani kama ya Bagamoyo, kichujio cha rangi ya zambarau iliyoelekea nyekundu hufanya kazi vizuri zaidi.

Mkulima wa mwani hahitaji mtungi

Si kila mwenye shughuli baharini anahitaji kuzamia ili apate picha. Mkulima anayepanda mwani kwenye vigingi huufikia kwa miguu maji yakipwa. Kwa wale wa kamba zinazoelea katika maji ya kina, njia ambayo imejaribiwa Mlingotini, kamera ndogo iliyofungwa kwenye mti mrefu inaweza kuteremshwa kutoka kwenye mtumbwi. Video ya dakika mbili huonyesha kama matawi yanageuka meupe na kukatika, kama majani mengine yameyaparamia, au kama samaki wanakula mazao. Picha zenye tarehe, zikilinganishwa mwezi kwa mwezi, humsaidia pia bwana au bibi uvuvi kutoa ushauri bila kubahatisha.

Hesabu ya mtaji

Chukua mfano wa kijana aliyetumia Sh1,800,000 kwa kamera, kasha, kadi mbili na betri ya akiba. Anamtoza kila mgeni Sh10,000 kwa picha zake, na gharama za kumpatia picha hizo ni Sh2,000. Kinachobaki ni Sh8,000. Atahitaji wateja 225 ili arudishe mtaji tu. Akipata wateja sita kwa wiki, hiyo ni zaidi ya wiki 37, na bado hajatoa wiki za masika ambazo wageni ni wachache na maji ni machafu.

Maji yakiingia baada ya mteja wa 100, atakuwa amerudisha Sh800,000 na kupoteza milioni moja. Akiwa amekopa kwenye kikundi, deni linabaki palepale wakati kamera imekufa. Kwa hiyo ni busara kuanza kwa kukodi, au watu wawili watatu kuchangia kamera moja na kuandika zamu. Mali bila daftari hupotea bila habari.

Mfanyabiashara akumbuke pia kwamba Bongoyo, Mbudya, Pangavini na Fungu Yasini ni maeneo tengefu ya bahari tangu mwaka 1975. Kabla ya kuanza kazi ya picha huko, aulize ofisi ya Hifadhi za Bahari kuhusu viingilio na vibali. Na kabla ya kutumia sura ya mgeni kwenye tangazo, apate ridhaa yake. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inamhusu hata mwenye boti moja.

Adui ni unywele mmoja

Kinachozuia bahari isiingie kwenye kasha ni pete nyembamba ya mpira. Unywele, uzi wa taulo au punje moja ya mchanga ikikaa juu yake, maji hupata njia. Kasha lifungwe nyumbani, mahali pakavu, siyo juu ya boti yenye mchanga na marashi ya mawimbi. Pete ipakwe grisi iliyopendekezwa na mtengenezaji, kidogo tu. Mafuta ya kula na ya mgando yanaweza kuiharibu.

Kasha jipya lishushwe kwanza likiwa tupu, na karatasi laini ndani yake. Likipanda na karatasi kavu, ndipo kamera iwekwe. Kipakiti cha kukausha unyevu kiwekwe ndani ili kioo kisipate ukungu.

Baada ya kazi, kasha lililofungwa liloweshwe kwenye ndoo ya maji yasiyo na chumvi kwa nusu saa hivi, na vitufe vyake vibonyezwe. Visima vingi vya pwani vina chumvi, hivyo maji ya bomba au ya mvua ni salama zaidi. Kamera iliyoingia maji izimwe mara moja na betri itolewe. Asijaribu mtu kuichaji betri hiyo, kwani inaweza kuwaka.

Mzamiaji kwanza, mpiga picha baadaye

Kamera humfanya mtu asahau kipimo cha hewa, kina na mwenzake. Anayeanza amalize kwanza mizamo kadhaa bila kamera, mpaka aweze kuelea sehemu moja bila kupanda, kushuka wala kupiga mapezi ovyo. Asiyeweza kutulia atavunja matumbawe, atatibua tope na kuharibu picha yake mwenyewe. Hatari kubwa zaidi ni kukimbilia juu akiwa amebana pumzi, kosa linaloweza kupasua mapafu hata kwenye kina kifupi. Pumzi haibanwi kwa ajili ya picha.

Kwa anayeingia dukani wiki hii, maswali ni manne: nitashuka mita ngapi, nitapiga kitu kikubwa au kidogo, kasha na pete zake nitavipata wapi, na wateja wangapi watairudisha fedha hii? Akikosa jibu la moja, fedha zibaki mfukoni mpaka alipate.