Kengele Hulia Vipi?

Ndugu msomaji, kengele ina kazi nyingi katika maisha yetu. Huita watoto shuleni, na huita waumini kanisani. Ng'ombe anayetangulia kundi huvaa kengele shingoni. Mpanda baiskeli hupiga kengele ili apishwe njia. Moto ukizuka msituni, kengele huwaamsha watu wote.

Tumeizoea sauti ya kengele hata hatuiulizii maswali. Lakini maswali yapo. Kwa nini kengele ikishikwa kwa mkono hunyamaza? Kwa nini alfajiri husikika mbali kuliko mchana? Kwa nini kengele yenye ufa haina sauti nzuri? Na je, kila chuma kinachofaa kulia kinafaa kuwa kengele? Somo hili litajibu maswali hayo. Mifano yake mingi ni ya Olmotonyi, kwenye miteremko ya Mlima Meru, mkoani Arusha. Huko kuna mashamba, mifugo, shule, Chuo cha Misitu, na misitu mikubwa ya misonobari.

1. SAUTI NI MTETEMO

Gonga sufuria tupu kwa kijiko, kisha uiguse polepole kwa ncha ya kidole. Utasikia sufuria inatetemeka. Sasa ishike kwa nguvu. Mtetemo unakwisha, na sauti nayo inakwisha. Hapo umekwisha kujifunza jambo la kwanza: sauti ni mtetemo.

Ulimi wa kengele ukigonga ukingo, chuma huingia ndani kidogo, kisha hurudi nje, tena ndani, tena nje. Jambo hili hutokea mara nyingi sana kwa sekunde moja. Kila chuma kinapokwenda nje husukuma hewa iliyo karibu. Hewa hiyo husukuma hewa inayofuata. Ndivyo msukumo unavyosafiri mpaka kufika sikioni mwako. Hewa yenyewe haisafiri kutoka kengele hadi kwako. Kinachosafiri ni msukumo, kama wimbi linavyopita juu ya maji ya bwawa.

Bila hewa, au kitu kingine cha kupitisha msukumo, hakuna sauti. Katika karne ya 17, Otto von Guericke wa Ujerumani na Robert Boyle aliyefanya kazi Uingereza walilijaribu jambo hili. Waliweka kengele au saa ndani ya chombo kilichofungwa, wakaitoa hewa kwa pampu. Kadiri hewa ilivyopungua, sauti nayo ilififia.

2. KENGELE KUBWA NA KENGELE NDOGO

Kitu kikubwa hutetemeka polepole, na sauti yake ni nzito. Kitu kidogo hutetemeka upesi, na sauti yake ni nyembamba. Linganisha kengele ya kanisa na kengele ya baiskeli. Sikio la binadamu husikia kuanzia mitetemo 20 hivi kwa sekunde mpaka 20,000 hivi.

Chukua kengele mbili za umbo moja na za chuma cha namna moja. Moja ni kubwa mara 2 kuliko nyingine kwa urefu, upana na unene. Ile kubwa itatetemeka nusu ya mara za ile ndogo. Lakini uzito wake hautakuwa mara 2, bali mara 8, kwa maana 2 mara 2 mara 2 ni 8. Ndiyo sababu kengele za sauti nzito zina gharama kubwa.

Kengele nyingi za makanisa huyeyushwa kwa mchanganyiko wa shaba na bati, sehemu 4 za shaba kwa sehemu 1 hivi ya bati. Mchanganyiko huo ni mgumu na hulia kwa muda mrefu. Kengele za mifugo za hapa kwetu ni za aina nyingine. Wahunzi wa Kimaasai, waitwao Ilkunono, ndio waliofua mikuki na simi, na pia kengele za mifugo. Bamba la chuma hukunjwa na kufuliwa kwa nyundo, kisha ulimi huning'inizwa ndani. Sauti yake haidumu sana, lakini mchungaji aliyezoea huitambua ya kwake kati ya nyingi.

3. KUTUNDIKA KENGELE YA SHULE

Shule nyingi hutumia rimu ya gari au kipande cha reli. Vyote viwili hulia vizuri kama vikitundikwa ipasavyo. Fuata mambo haya:

(a) Usikiweke chuma chini wala kukiegemeza kwenye mti. Ardhi na mti hunyonya mtetemo. Kitundike kwa waya au kamba imara, kisiguse kitu kingine.

(b) Kipande cha reli kikitetemeka, zipo sehemu mbili zinazotulia. Ziko mbali na ncha kiasi cha zaidi kidogo ya sehemu moja ya tano ya urefu wote. Funga kamba hapo. Kama reli ina urefu wa sentimita 90, funga kamba kwenye sentimita 20 kutoka kila ncha. Ukifunga hapo, kamba haizuii mtetemo.

(c) Gonga katikati ya reli au kwenye ncha. Usigonge pale ilipofungwa kamba, maana hapo haitalia vizuri.

(d) Tumia kipande cha chuma kugongea. Ukigonga, ondoa mkono mara moja. Ukikibana chuma, unakiziba mdomo.

4. SAUTI HUCHUKUA MUDA KUFIKA

Mtazame mtu anayepasua kuni ng'ambo ya korongo. Utaona shoka likishuka, na baadaye kidogo ndipo utasikia kishindo. Nuru hufika papo hapo, lakini sauti huchelewa. Katika hewa ya kipupwe, sauti hukimbia mita 340 hivi kwa sekunde. Basi kilomita moja huchukua sekunde 3 hivi. Ndani ya maji sauti hukimbia mita 1,500 hivi kwa sekunde, na ndani ya chuma mita 5,000 hivi.

Hesabu hii itakusaidia wakati wa mvua. Ukiona umeme wa radi, hesabu sekunde mpaka usikie ngurumo. Gawa kwa 3. Jibu ni kilomita zilizopo kati yako na radi. Ukihesabu sekunde 6, radi iko kilomita 2 tu. Hapo ondoka shambani na usijikinge chini ya mti.

Sauti ikigonga ukuta wa mwamba hurudi. Huo ndio mwangwi. Ukipiga kelele na mwangwi ukarudi baada ya sekunde 1, sauti imekwenda na kurudi mita 340. Kwa hiyo mwamba uko umbali wa mita 170.

5. KWA NINI ALFAJIRI HUSIKIKA MBALI?

Wakazi wa mlimani wanajua kwamba alfajiri wanaweza kusikia kengele ya kijiji cha mbali, na saa sita mchana wasiisikie. Wengine husema ni kwa sababu ya ukimya. Ni kweli, lakini ipo sababu nyingine.

Sauti hukimbia upesi zaidi katika hewa ya joto kuliko katika hewa ya baridi. Sasa wafikirie maksai wawili wanaovuta plau. Wa kulia akienda upesi kuliko wa kushoto, plau litageukia kushoto, upande wa yule anayekwenda polepole. Sauti nayo ni hivyo hivyo: hugeukia upande wa hewa baridi.

Usiku usio na mawingu ardhi hupoa. Kufika alfajiri, hewa ya chini ni baridi kuliko ya juu yake. Sauti inayopanda hupindishwa na kurudishwa chini, ikasikika mbali. Mchana jua huchoma ardhi, na hewa ya chini huwa ya moto. Sauti hupindishwa kwenda juu, ikapita juu ya vichwa vyetu. Upepo nao hufanya kazi kama hiyo. Aliye upande unakoelekea upepo husikia vizuri kuliko aliye upande unakotoka.

Msitu pia hupunguza sauti. Majani na udongo laini hunyonya sauti, hasa sauti nyembamba. Kwa hiyo ng'ombe anayechungwa karibu na msitu afadhali avae kengele ya sauti nzito. Njuga ndogo hupotea upesi kati ya miti.

Kijiji kilicho karibu na msitu kifikirie jambo hili. Moto wa msituni huenea zaidi wakati wa kiangazi, mchana, penye jua na upepo. Huo ndio wakati ambao kengele haisikiki mbali. Basi kengele moja haitoshi. Kila kitongoji kiwe na yake, na kikisikia ya jirani kipige ya kwake. Watu wakubaliane mapema pia juu ya mapigo. Mapigo ya kuita mkutano yasifanane na mapigo ya hatari.

6. UFA

Chungu kizima ukikigonga kwa kidole hulia. Chenye ufa hutoa sauti ya kukauka. Mama anayenunua chungu sokoni anajua. Fundi wa reli naye hugonga magurudumu ya behewa kwa nyundo, akisikiliza kama yana ufa. Penye ufa mtetemo hukatizwa, na kingo za ufa husuguana. Nguvu inapotea, na sauti haidumu.

Kengele kubwa kuliko zote zilizosalia ulimwenguni iko Moscow, Urusi. Ina uzito wa tani 200 hivi, na iliyeyushwa mwaka 1735. Mwaka 1737 ulitokea moto, kengele ikapasuka, na kipande cha tani zaidi ya 11 kikamegeka. Haijapata kulia hata mara moja kama kengele. Tani 200 za shaba na bati zimekuwa kitu cha kutazamwa tu.

7. SI KILA CHUMA NI KENGELE

Sehemu hii, ndugu msomaji, isome mara mbili.

Mwaka 2011 ilitoka habari kutoka wilaya ya Kasese, magharibi mwa Uganda. Wataalamu wa kufundisha watu juu ya mabomu ya ardhini walitembelea shule moja. Wakakuta kengele ya shule ni bomu ambalo halijalipuka! Watoto walikuwa wakiligonga kwa mawe ili kuita wenzao darasani. Kwa bahati lilikuwa halijalipuka.

Mahali pengine bahati haikuwapo. Novemba 2017, wilayani Ngara, mkoa wa Kagera, mwanafunzi alikuta bomu la mkono akadhani ni chuma chakavu. Alikwenda nalo shuleni. Lililipuka, likaua watoto na kujeruhi wengine wengi.

Bomu la zamani hufanana na bomba, chupa ya chuma au kitasa kilichooza kwa kutu. Kutu haiondoi hatari. Kwa hiyo:

(a) Usitundike wala kugonga chuma usichojua kilikotoka.
(b) Ukikuta chuma cha namna hiyo, usikiguse, usikichimbue, usikitupie mawe.
(c) Weka alama kwa mbali, na zuia watoto na mifugo.
(d) Toa habari mara moja kwa mwenyekiti wa kijiji au polisi.

8. LINDA MASIKIO

Ukubwa wa sauti hupimwa kwa desibeli. Jina hilo linatokana na Alexander Graham Bell, aliyepata hataza ya simu mwaka 1876. Jina lake la ukoo, kwa Kiingereza, lina maana ya kengele.

Mazungumzo ya kawaida ni desibeli 60 hivi. Kila desibeli 10 zikiongezeka, nguvu ya sauti huwa mara 10. Sauti ya desibeli 85 kwa saa 8 kila siku huanza kuharibu masikio. Msumeno wa injini wa kukatia miti hupita desibeli 100. Vijana wengi wa sehemu za misitu hufanya kazi hiyo bila kuziba masikio.

Sikio lililoharibiwa hivyo haliponi. Nalo halipotezi sauti zote kwa mara moja. Huanza kupoteza sauti nyembamba. Mtu husikia ngoma na gari, lakini hasikii vizuri njuga, ndege, wala maneno ya mtoto. Akiona dalili hiyo aende hospitali, na asirudi kwenye msumeno bila vifuniko vya masikio. Kengele ya hatari haina faida kwa asiyeisikia.

MASWALI YA KUJADILI DARASANI

1. Kwa nini kengele haifai kuegemezwa kwenye mti?
2. Kipande cha reli kina urefu wa sentimita 135. Utafunga kamba sentimita ngapi kutoka kila ncha?
3. Umeona umeme wa radi, ukahesabu sekunde 12 mpaka ngurumo. Radi iko mbali kiasi gani?
4. Mweleze mwenzako, kwa mfano wa maksai, kwa nini sauti husikika mbali alfajiri.
5. Kengele ya kijiji chenu ilitengenezwa kwa chuma gani, na kilitoka wapi? Kama hakuna anayejua, mtafanya nini?
6. Moto ukizuka mchana, nani ataisikia kengele yenu, na nani hataisikia? Pangeni jinsi ya kumfikia.