Freni ya remorki ikilegea, tuanzie kwenye waya

Remorki ya freni za umeme ikijaa mifuko ya kahawa inaweza kusukuma gari kwenye mteremko. Freni zikiwa zaifu, tusikimbilie kununua mpya. Kwanza tufungue waya wa masi, ule unaoshika kwenye chuma cha remorki. Tuukwangue kutu mpaka ung'ae, tuukaze. Tusafishe na fishi inayounganisha remorki na gari.

Kisha fundi apime umeme karibu na gurudumu, bila kuchomoa waya, mwenzake akifunga freni kabisa. Ukiwa chini sana ya ule wa batri ya volti 12, unapotea njiani. Ukifika vizuri, tufungue gurudumu: grisi ikimwagika ndani, freni inateleza tu.

Mpaka itengenezwe, mzigo usipande.