Unauza stelingi na nobu za spoti? Uliza gari kwanza, bei baadaye

Leo naongea na wenzangu tunaouza urembo wa magari, hasa wenye wateja wa Subaru Impreza, Altezza na zile Mazda ndogo za spoti. Stelingi na nobu za gia zina faida nzuri, ila zikikosewa zinarudi dukani na ugomvi. Mimi yamenikuta.

Mwanzoni nilikuwa nauza kwa macho tu. Mteja akipenda rangi, nafunga mzigo. Kijana mmoja akachukua stelingi ya Altezza, kufika kwa fundi matundu hayalingani na habu, yaani kile kiungio kinachokaa kati ya stelingi na gari. Fundi akatoboa matundu mapya. Haikupita muda stelingi ikaanza kucheza akiwa barabarani. Nilimrudishia hela yote, nikashukuru Mungu amerudi mzima. Tangu siku hiyo nauliza haya kabla ya kutaja bei:

1. MATUNDU
Stelingi nyingi za spoti zina matundu 6, lakini vipimo vinavyotembea sana ni viwili. Mtindo wa Momo ni milimita 70, mtindo wa Nardi ni 74. Weka rula katikati ya tundu moja mpaka katikati ya tundu linalotazamana nalo. Tofauti ni milimita 4 tu, kwa macho huioni. Zipo habu zenye matundu ya aina zote mbili, ukiagiza mzigo chukua hizo. Ila kumbuka habu inaendana na gari. Ya Subaru usimpe mtu wa Altezza.

2. UKUBWA
Sentimita 35 ndiyo salama kuweka stoo. Ya 33 inapendeza kwenye picha, lakini gari inakuwa nzito kugeuza wakati wa kupaki, na inaweza kuziba spidi kwenye dashibodi. Mwambie mteja akae kwenye siti yake, ashike stelingi, aone kama bado anasoma spidi yake.

3. NOBU
Swali la kwanza: gari ni manyuo au oto? Nobu ya oto yenye kitufe hubadilishi na ya manyuo. Swali la pili ni thredi. Toyota na Subaru nyingi za manyuo ni 12 kwa 1.25. Nissan, Mazda na Mitsubishi nyingi ni 10 kwa 1.25. Honda ni 10 kwa 1.5. Nobu sahihi inaingia kwa vidole, haidai spana. Ikigoma usilazimishe, utakula thredi za gari ya mtu. Pia baadhi ya Subaru za gia 6 zina pete ya kuvuta juu ili uingize rivasi, kwa hiyo nobu isiibane ile pete. Na mteja anayepaki juani mwambie ukweli: nobu ya chuma tupu inaunguza mkono. Ya ngozi inamfaa zaidi.

4. EABEGI
Hapa ndipo wengi tunanyamaza ili tuuze. Stelingi nyingi za spoti hazina eabegi. Ukiifunga, ule mfuko wa kumkinga dereva akigonga unakuwa umetoka, na taa ya eabegi itawaka kwenye dashibodi. Mimi namwambia mteja wazi kabla hajalipa. Gari ikiwa ya familia, ya kila siku, namshauri abaki na stelingi yake, avalishe kava ya ngozi na abadilishe nobu tu. Kufungua eabegi si kazi ya kujaribu. Fundi anayejua anatoa waya wa betri kwanza, anasubiri dakika kadhaa, ndipo anagusa.

Nimeshapoteza mauzo kwa kusema hivyo, sikatai. Ila wapo walioondoka na kava na nobu, halafu wakaniletea rafiki zao. Faida ya stelingi moja inaisha leo. Mteja aliyeona hukumdanganya anarudi.

Kwa hiyo kesho ukifungua duka, weka rula kaunta, na mteja akiuliza "hii bei gani?" wewe mjibu "gari yako ipi, boss?"