Programu ya Duka Lako Inasomaje SMS ya Malipo? Tuichanganue Kama Sentensi ya KCSE

Leo tunaongea kuhusu kitu ambacho wengi hamkioni, lakini kinaweza kukufanya umfukuze mtu kazi bure: jinsi programu ya duka lako inavyosoma SMS za malipo.

Nianze na ya kwetu. Mjomba wangu ana duka la hadwea Kitale. Alichoka kuandika malipo ya simu kwa kitabu, akaniambia, "We mpwa wangu umesoma, nitafutie kitu cha kunihesabia hizi meseji." Mimi nilisomea masoko, si kompyuta, kwa hivyo nikamwendea rafiki yangu wa chuo. Wikendi moja tu, kazi ikaisha. SMS ikiingia kwa simu ya duka, programu inaisoma na kuandika kiasi kwa jedwali, na jioni mjomba anaona jumla ya mauzo. Tulijipongeza sana.

Wiki ya tatu simu ikalia saa tatu usiku. Jedwali lilikuwa linasema mauzo ya siku yanazidi pesa iliyopo kwa Ksh45,000. Mjomba alikuwa ameshamkalisha chini msichana wa duka, anamuuliza pesa imeenda wapi. Nilimsikia msichana akilia kwa simu.

Kumbe hakuna aliyeiba. Asubuhi ile mjomba mwenyewe alikuwa amemtumia msambazaji wa mabati Ksh45,000, na SMS ya kuthibitisha ikaingia kwa simu ile ile. Programu yetu ilikuwa na akili moja tu: tafuta neno "Ksh", chukua nambari inayofuata, andika kama mauzo. Kama SMS inasema "Umepokea" au "Umetuma", hiyo haikuwa shida yake. Tulijaribu kuweka kiraka hapa na kiraka pale, lakini kila kiraka kilileta shimo lingine. Mwishowe mmoja wa madevelopa wa kazini kwetu akanionyesha njia tofauti kabisa, na ndiyo nataka nikueleze leo. Usiogope, hesabu ni kidogo.

Unakumbuka mchoro wa matawi?

Kama ulisoma sekondari Kenya, unaikumbuka ile Kiswahili ya pili: changanua sentensi ifuatayo. "Mteja mwaminifu amelipa leo." Unaanza na S juu, unaigawa kuwa KN na KT. KN unaigawa kuwa N na V, yaani mteja, mwaminifu. KT inakuwa T na E, yaani amelipa, leo. Ukimaliza, kila neno lina mahali pake. Neno moja likibaki linaning'inia bila tawi, ujue umekosea na maksi zimeenda.

Programu inayofanya kazi hiyo tutaiita kichanganuzi. Yetu ya kwanza haikuwa kichanganuzi, ilikuwa kama mtu anayepitia gazeti akitafuta jina lake tu. Kichanganuzi husoma kuanzia herufi ya kwanza hadi ya mwisho, na kila kipande lazima kipate tawi.

Tuchukue SMS ya mfano:

TQ45XK7M2P Imethibitishwa. Umepokea Ksh1,500.00 kutoka kwa WANJIRU NG'ANG'A tarehe 4/3/2025. Salio jipya ni Ksh8,240.00.

Ukiitazama kama sentensi ya mtihani, ina nambari ya muamala, neno la kuthibitisha, kitendo, kiasi, jina, tarehe, na salio. Kiasi nacho kina vipande vyake: "Ksh", shilingi zenye mkato kila baada ya tarakimu tatu, nukta, kisha senti mbili. Tarehe ni nambari, mkwaju, nambari, mkwaju, nambari.

Sasa kuna njia mbili za kumwandikia kompyuta haya. Ya kwanza ni kuandika programu moja kubwa inayojua yote. Ya pili ni kuandika vichanganuzi vidogo vidogo, kila kimoja kinajua kitu kimoja tu, halafu unaviunganisha.

Hapo fikiria duka la mjomba. Ana mabomba ya PVC, na ana viungio: elbo, tii, soketi. Ukiunganisha mabomba mawili kwa soketi, unachopata ni bomba pia, na unaweza kuliunganisha tena na lingine mpaka maji yafike kwa tangi. Vichanganuzi ni hivyo hivyo. Ukiunganisha kichanganuzi na kichanganuzi, unapata kichanganuzi kikubwa zaidi. Wenyewe madevelopa huviita hivyo viungio kombineta.

Kila kichanganuzi kidogo kinapewa maandishi na kinaweza kujibu kwa njia mbili tu. Ama "nimeshindwa, na nimeshindwia hapa", ama "nimepata hiki, na haya ndiyo maandishi yaliyobaki". Yaliyobaki anapewa wa pili. Kiungio cha kufuatana kinasema: soma hiki, kisha kile. Kiungio cha "ama" kinasema: jaribu hiki, kikishindwa jaribu kile. Kingine kinasema: rudia mpaka usiweze tena. Kwa hivyo vichache tu unaweza kusoma SMS, hati ya benki, hata lugha nzima ya programu.

Mbona hii inapendwa sana katika lugha za kifanksheni kama Haskell? Kwa sababu huko fanksheni ni kitu cha kushika mkononi. Unaweza kuipa fanksheni nyingine, ukaipokea, ukaiweka kando kwa jina lake, sawasawa na bomba kwa rafu. Kichanganuzi ni fanksheni, na kiungio ni fanksheni inayopokea fanksheni. Wazo lenyewe si la jana. Philip Wadler aliandika mwaka wa 1985 kuhusu kichanganuzi kinachorudisha orodha ya majibu yote yaliyofaulu, orodha ikiwa tupu ndiyo kushindwa. Graham Hutton na Erik Meijer wakaipanga vizuri katika andiko lao la 1996, na mwaka wa 2001 Daan Leijen na Meijer wakaeleza Parsec, maktaba ya Haskell ambayo bado inatumika. Leo kuna FParsec ya F#, nom ya Rust, na nyingine nyingi.

Hivi ndivyo ya mjomba ilivyoonekana baada ya kuandikwa upya kwa Haskell. Majina tuliyaweka ya Kiswahili:

```
ujumbe = do
  nambari <- nambariYaMuamala
  neno " Imethibitishwa. Ume"
  iliyoingia nambari <|> iliyotumwa nambari <|> iliyolipwa nambari

iliyoingia nambari = do
  neno "pokea "
  pesa  <- kiasi
  neno " kutoka kwa "
  mtu   <- jinaHadi " tarehe "
  siku  <- tarehe
  neno ". Salio jipya ni "
  salio <- kiasi
  neno "."
  eof
  return (Imeingia nambari pesa mtu siku salio)
```

Hata kama hujui Haskell, isome tu kama orodha ya dukani, kutoka juu kwenda chini. Ile alama `<|>` ndiyo "ama". Na `eof` ni kusema: hapa SMS iwe imeisha, kisibaki kitu kinaning'inia.

Pale tulipokwama

Angalia nilivyokata "Umepokea" katikati, "Ume" upande mmoja na "pokea" upande mwingine. Haikuwa urembo. Mwanzoni tuliandika vitatu kamili: "Umepokea" ama "Umetuma" ama "Umelipa". Zilizoingia zilisomwa vizuri, zilizotumwa zote zikakataliwa. Tukakuna vichwa.

Sababu ni hii. Parsec ni bahili. Kiungio cha "ama" kinajaribu cha pili tu kama cha kwanza kilishindwa kabla ya kula herufi yoyote. Ikipewa "Umetuma", kichanganuzi cha "Umepokea" kinakula U, m, e, kisha kinagonga t. Kimeshakula herufi tatu, kwa hivyo Parsec inaona tulishachagua njia na haigeuki. Unaweza kuilazimisha irudi nyuma kwa kiungio kinachoitwa `try`, na wengi hufanya hivyo. Lakini kama vitu vinafanana mwanzo, ni safi zaidi kusoma kinachofanana mara moja, halafu ugawanye njia pale vinapoachana: p, t, au l. Kiswahili chetu kinasaidia hapo, manake kitenzi chenyewe kimeundwa kwa vipande: nafsi, wakati, mzizi. Ila ujihadhari na "Umetuma" na "Umetumiwa". Hizo zinatembea pamoja mpaka "Umetum", na pesa zinaenda pande tofauti kabisa!

Kukwama kwa pili kulitoka kwa majina. Jioni ya kwanza SMS chache zilikataliwa, na programu ikatuonyesha mahali: herufi ya 70. Tukahesabu kwa kidole. Ni ile alama kati ya NG na ANG'A. Kichanganuzi chetu cha jina kilikubali herufi kubwa na nafasi tu, kwa hivyo kina Ng'ang'a, kina Ochieng' na kina Wang'ombe wote walikuwa wamefungiwa nje. Ndipo tukaandika `jinaHadi`, inayochukua chochote mpaka ikutane na " tarehe ".

Lakini ona tofauti. Programu ya zamani ilikosea kimya kimya, ikaandika uongo kwa jedwali, na mtu akashukiwa wizi. Hii mpya ilipokwama ilisema imekwama, ikaonyesha herufi, na ikaiweka SMS kando ili mjomba aisome kwa macho yake.

Hapa lazima nikiri dhambi za idara yangu. Sisi watu wa masoko ndio huongeza kale kamstari ka tangazo mwishoni mwa SMS, na siku tunapoongeza, kila kichanganuzi chenye `eof` kinagoma. Dawa yake ni kuruhusu mkia wazi wazi: baada ya salio, soma chochote kilichobaki na ukihifadhi kama "mkia". Usiondoe tu ukaguzi wa mwisho ukaacha mlango wazi, kwa sababu ukihifadhi mkia utaweza kuuona ukibadilika.

Na pesa, tafadhali, ihifadhiwe kama senti nzima. Ksh1,500.00 iandikwe 150000. Nambari zenye desimali kwa kompyuta hupoteza vipande vidogo, na mwisho wa mwezi unajikuta ukitafuta senti ambazo hazikupotea.

Je, inanasa SMS feki?

Swali hili huulizwa kila mara. Tusidanganyane: peke yake, hapana. Kichanganuzi kinaangalia umbo. Tapeli akiandika SMS yenye umbo kamili, nukta na mikato yote mahali pake, itapita. Anzeni na jina la aliyetuma: SMS ya malipo iliyotoka kwa nambari ya kawaida ya mtu isifike hata kwa kichanganuzi. Hata hilo halitoshi, kwa sababu jina la mtumaji nalo huweza kughushiwa.

Kinachosaidia zaidi ni lile salio. Kwa vile sasa tunasoma SMS nzima, tuna kiasi na tuna salio jipya. Kama salio la mwisho lilikuwa Ksh6,740.00 na umepokea Ksh1,500.00, salio jipya lazima liwe Ksh8,240.00. Tapeli aliyesimama kaunta hajui salio lako. Atabahatisha, na hesabu itakataa. Programu ya mjomba sasa inafanya hesabu hiyo kwa kila SMS, ikitoa ada kwa zile zilizotumwa. Wakati mwingine SMS mbili hufika zimepishana na hesabu inakataa bila utapeli wowote, kwa hivyo haipigi kelele za mwizi. Inaweka alama nyekundu tu, na msichana wa duka anaangalia salio kwenye akaunti yenyewe kabla mfuko wa simiti haujatoka mlangoni.

Kama biashara yako imekua na unapokea malipo mengi kwa siku, usitegemee SMS kabisa. Omba kuunganishwa na mfumo wa kupokea taarifa za malipo moja kwa moja, ambapo kiasi, nambari na tarehe zinakuja zikiwa zimeshatenganishwa. Kwa duka la ukubwa wa mjomba, kichanganuzi kilichoandikwa vizuri kinafaa. Mwambie anayekutengenezea akuonyeshe mambo mawili: inafanya nini ikikutana na SMS isiyoielewa, na zile zilizokataliwa zinakaa wapi. Akikwambia haijawahi kukataa yoyote, muulize tena.

Msichana wa duka bado yuko. Mjomba alimwomba msamaha mbele yangu, kisha akampa kazi ya kupitia zile nyekundu kila jioni. Wiki iliyopita alinipigia kuniambia kuna SMS imekataa herufi ya 3, na alikuwa ameshajua kwa nini: mteja aliyem-forwadia alikuwa ameandika O mahali pa sufuri.