Ujirani wa Mgeni katika Mtaa wa Shella

Katika miji ya pwani yetu, Malindi ni mmojawapo wa ile iliyozoea ugeni kwa pande zote mbili, wa kupokea na wa kupokewa; kwani mwaka 1415 wajumbe wake walifika China na twiga, kuwa hidaya kwa mfalme wa dola ya Ming, na mwezi wa Aprili 1498 Sultani wa Malindi alimkaribisha Vasco da Gama, aliyekuwa ametoka Mombasa katika uadui, akampa na rubani wa kumvusha bahari mpaka Calicut. Baadaye, katika karne ya kumi na tisa, mji uliokuwa umekuwa mahame ulipofufuliwa kwa amri ya Seyyid Majid wa Unguja, wakaja Waarabu wa Oman na wa Hadhramaut. Na katika miaka ya 1960, vita vya Shifta vilipowahamisha Wabajuni kutoka visiwa vyao vya kaskazini, wengi wao walipata makao miongoni mwetu. Kwa hiyo mtu ashukaye leo na mizigo yake, akakodi nyumba karibu na Msikiti wa Ijumaa na makaburi ya nguzo yaliyo kando yake, asidhani kwamba yeye ni ajabu kwa wenyeji.

Lakini kupokewa ni jambo moja, na kuwa jirani ni jambo jingine, na tofauti hii ndiyo inayowashinda wengi katika miezi yao ya awali. Mtaa wetu wa Shella humpokea kila ajaye kwa bashasha, bila ya kumwuliza nasaba wala dini. Kisha humtazama taratibu, wala haumwambii kitu. Mlangoni kwa mtu huanza hodi, na isipoitikwa mara ya tatu, muungwana huondoka bila ya kinyongo, kwa kuwa huenda walio ndani hawako katika hali ya kuonekana. Njiani hapiti mtu mbele ya baraza la wazee kimya kimya, hata akiwa na haraka namna gani: hutoa salamu, akaulizwa hali, akauliza naye habari za nyumbani na za watoto, na hayo yote yakiwa yamekwisha ndipo shughuli iliyomtoa nyumbani inapopata nafasi ya kutajwa. Mgeni aliyetoka katika miji ambako salamu ni neno moja huona kuwa anapotezewa wakati. Nami namsihi asubiri, kwa maana salamu hizo ndizo daftari la mtaa, na asiyesalimu hujulikana upesi kuliko asiyelipa deni dukani.

Jambo la pili, tena zito zaidi, ni sahani. Mwezi wa Ramadhani, jua linapokaribia kuchwa, huonekana watoto wakipita vichochoroni na visahani vilivyofunikwa kawa, wakipeleka mbaazi za nazi, mahamri au viazi vya karai nyumba hadi nyumba, na jirani asiyefunga naye hupelekewa fungu lake. Mgeni hufurahi, hushukuru kwa maneno mengi, akarudisha sahani imeoshwa vizuri, tupu. Ilhali sahani ya jirani hairudi tupu, hata kama kilichopo ni ndimu chache au kipande cha papai. Si thamani ya kitu itakiwayo: kurudisha kitu ni kukubali kuwa umo katika hesabu ya watu.

Tena upo msiba. Mauti yanapotokea, mtaa mzima huacha kazi zake. Wanaume huketi kwenye mikeka nje ya nyumba ya wafiwa, wanawake ndani, na kwenda kuhani si jambo la kungoja mwaliko. Nimeona wageni wema kabisa wakikaa majumbani mwao siku hizo kwa kuogopa kuwasumbua wafiwa, kumbe kutoonekana kwao ndiko kulikoumiza.

Kuhusu Waitaliano, ambao ndio wageni wetu mashuhuri, lazima niseme neno kwa upendo. Wengi walitufahamu kwa ajili ya mradi wa San Marco, wa Profesa Luigi Broglio, huko Ngomeni, kaskazini ya mji, ambako tarehe 12 Desemba 1970 kilirushwa chombo cha anga cha Marekani kikapewa jina la Uhuru, kwa kuwa siku hiyo ilikuwa sikukuu ya Kenya. Tangu hapo vijana wetu, kwa kutafuta riziki, wamejifunza lugha yao kwa ufasaha wa kustaajabisha, hata Mwitaliano aweza kukaa Malindi miaka mingi, akanunua samaki, akajenga nyumba, akapata matibabu, asihitaji Kiswahili. Sisi twaiita hisani. Kwa hakika tumemnyima mlango. Mshihiri wa zamani, yaani Mwarabu wa Hadhramaut, aliyefika na kikoi kimoja na nia ya kufungua duka, hakukuta mtu wa kumzungumzia Kihadhrami kila kona. Ikambidi ajifunze kwa mteja wake, kisha akaposa, akazaa, na wajukuu wake leo ndio wanaokaa barazani wakiitikia salamu.

Basi ningependa sana wenzangu wa Shella tuwaanze wageni hawa kwa Kiswahili, tuwasahihishe bila ya kuwacheka, na siku ya msiba tumtume mtoto akawaite, awaambie pa kuketi na la kusema, mpaka watakapokuja wenyewe bila ya kuitwa.